Ugonjwa wa Baba Haukuwa Malaria

Kila asubuhi Immaculate na baba yake waliondoka nyumbani pamoja. Mzee Walubengo alikuwa fundi wa mbao katika karakana moja kwenye mtaa wa Kawangware, naye Immaculate alikuwa darasa la saba. Walipita vichochoro vya mtaa wao wa Gatwekera wakiruka mitaro ya maji machafu, baba akimtajia hesabu za kichwa, Immaculate akizijibu huku akihema. Walipofika kwenye reli waliagana. Baba alishika njia yake kwa miguu, naye Immaculate akaenda shuleni.

Mambo yalibadilika mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Nino. Siku moja baba na rafiki yake Khamala walikuwa wakipasua ubao kwa msumeno wa umeme. Baba alikuwa akisukuma, Khamala akipokea upande wa pili. Ghafla ubao uliruka, na msumeno ukamkata Khamala vidole viwili. Khamala alitibiwa hospitalini, akapona, na baadaye akarudi kazini. Lakini baba naye alikuwa ameumia siku ile, ila kidonda chake hakikuonekana.

Alianza kukosa usingizi. Ugali ulipoa mbele yake. Jirani mfua mabati akigonga bati, alishtuka na kutetemeka mikono. Hesabu za njiani zilikwisha, na Immaculate akimsemesha, ilikuwa kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Hatimaye, asubuhi moja, baba aliondoka kwenda kazini, akafika karibu na karakana, akasikia mashine ikinguruma, akageuka na kurudi nyumbani. Alijilaza akaukabili ukuta. Siku iliyofuata hakuondoka kabisa.

Mama yake Immaculate, Musimbi, aliyekuwa akiuza mboga za sukuma wiki mtaa wa pili, Silanga, aliingiwa na hofu. Alijua majirani waliopanga nao katika ploti yao. Wakianza kusema kwamba mumewe ana wazimu, watoto wangemcheka njiani na hakuna mwenye karakana ambaye angempa kazi tena. Basi Jumamosi alimtuma Immaculate kwa mwajiri wa baba, Mzee Chege, akamwambie kwamba baba ana malaria.

Immaculate alisema alivyoagizwa. Mzee Chege alimpa pole, akamfungia machungwa ampelekee mgonjwa. Machungwa yale yalimlemea Immaculate njia nzima kuliko mtungi wa maji.

Jumamosi iliyofuata alitumwa tena na maneno yaleyale. Safari hii Mzee Chege alimuuliza baba anatibiwa wapi. Immaculate alibabaika. Fundi mmoja aitwaye Ndungu alicheka huku akipiga randa.

"Hiyo ni malaria ya chupa," alisema. "Mwenzetu siku hizi anakunywa."

Mafundi wengine hawakumkanusha. Mzee Chege alisema kwa upole kwamba kazi za watu zimerundikana, na kwamba Walubengo asipofika Jumatatu, atalazimika kumtafuta fundi mwingine.

Immaculate aliaga akatoka. Alifika barabarani, akasimama. Baba yake hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Sasa angepoteza kazi na pia jina lake zuri, na yote hayo kwa sababu ya uongo uliokusudiwa kumkinga. Alimwogopa mama. Lakini alipomkumbuka baba akiutazama ule ukuta, miguu yake ilimrudisha yenyewe.

"Mzee, nilikudanganya," alisema mbele ya wote. "Baba hana malaria, wala hanywi pombe. Halali usingizi. Hali chakula. Akisikia bati likigongwa, anatetemeka. Anasema yeye ndiye aliyemkata Khamala."

Mzee Chege aliizima mashine. Khamala, aliyekuwa akipaka kabati vanishi, aliweka brashi chini.

"Ni makosa yangu," Mzee Chege alisema. "Siku ile niliosha damu mezani, nikawasha mashine, nikawaambia turudi kazini. Sikumuuliza mtu hata mmoja anajisikiaje."

Nyumbani, Immaculate alimweleza mama yote. Mama aliketi kitandani, akafunika uso kwa leso. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba sasa ploti nzima itapata la kusema.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Chege na Khamala walibisha mlangoni. Baba alitaka kuinuka aondoke, lakini Khamala aliketi karibu naye, akauweka mkono wake uliokatwa vidole juu ya goti la baba.

"Utazame," alisema. "Mkono huu unanifungia vifungo vya shati, na unanishikia brashi. Ule ubao ulikuwa na msumari ndani, Walubengo. Msumari ndio ulioufanya uruke. Hukuupigilia wewe."

Baba aliinua macho. "Msumari gani?"

Mzee Chege aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba waliuona msumari ule siku iliyofuata, lakini mafundi walikubaliana wasiitaje ajali ile mbele ya Walubengo. Walidhani wanamhurumia. Kumbe kimya chao kilimwacha peke yake, akijihukumu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Baba alilia, na Khamala akalia naye. Mama aliwatilia chai, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, baba alimaliza kikombe chake.

Hata hivyo, hakupona siku hiyo. Mzee Chege alimsindikiza hadi kliniki, ambako muuguzi alimsikiliza bila haraka. Aliwaeleza kwamba akili ya mtu inaweza kuumia baada ya jambo la kutisha, kama vile mwili unavyoumia, na kwamba huo ni ugonjwa unaotibika. Haikuwa laana, wala haikuwa aibu. Alimpa siku za kurudi kuzungumza naye, na akamwelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Kazi ya baba haikupewa mtu mwingine. Alianza kwa nusu siku, akipiga msasa viti nje ya karakana, mbali na msumeno. Mzee Chege aliufungia msumeno kinga ya chuma, na akaweka desturi mpya: wakati wa chai mashine zote zinazimwa, na mwenye jambo linalomsumbua analisema. Habari zilipoenea Gatwekera, yule jirani aliyekuwa akigonga bati alfajiri alihamishia kazi yake mchana. Kinamama wa kanisani, ambao mwanzoni walinong'ona juu ya baba, waliacha, wakaanza kumpitia mama waende naye sokoni. Zilikuwapo siku ambazo baba alirudia kitanda na ukuta wake. Hakuna aliyemfokea. Kesho yake Khamala alimpitia, wakaenda pamoja.

Likizo ya Desemba ilipofika, Immaculate alimpelekea baba chakula na kuwakuta mafundi kwenye chai. Ndungu, yule aliyezungumza habari za chupa, alikuwa akizungusha kikombe mkononi bila kunywa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tangu mtoto wake afariki, yeye pia halali, na kwamba kuna siku anaona heri asingeamka. Hakuna aliyecheka. Baba alisogea kwenye benchi, akampa nafasi karibu naye.

"Kesho nitakupeleka kwa muuguzi wangu," alimwambia. "Nitakungoja nje mpaka umalize."

Jioni hiyo baba na Immaculate walirudi nyumbani pamoja. Walipokuwa wakiteremka kuelekea Gatwekera, Immaculate alimuuliza kama alimkasirikia siku ile alipotoa siri yake mbele ya mafundi.

"Niliona haya," baba alijibu. "Lakini mwanangu, mtu akivunjika mguu, watu humshika mkono wamvushe barabara. Anayeumia moyoni pia anahitaji kushikwa mkono, nyumbani na kazini. Wenzangu hawakuweza kunishika kwa sababu hawakujua kwamba naanguka. Mimi sikuweza kusema, ukasema wewe. Siku ikija ukaumia hivyo, usijifiche. Na ukimwona mwenzako amenyamaza sana, muulize, kisha ukae umsikilize."