Wimbo wa Koko Lambert Wapata Sifuri

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Mwenye shaka aende mtaani kwetu Mangobo akaulize.

Kila jioni, akimaliza kuosha vyombo, mjukuu wangu Aurélie alifungulia nyimbo kwenye simu ya mama yake, nami babu yake, koko kama anavyoniita, nikaanza kugomba.

“Zima takataka hiyo! Mwimbaji anamwita mpenzi wake mara moja, halafu anataja majina ya matajiri waliomlipa mpaka wimbo unaisha. Mapenzi iko wapi?”

“Na zenu, koko? Mwanaume mzima analia, anangoja barua! Si aende kwao?”

“Huna adabu!”

“Na wewe huna nyimbo mpya!”

Basi mwalimu wao wa darasa la sita, Madame Viviane, akaagiza kila mwanafunzi alete wimbo wa mapenzi wa zamani kutoka kwa mzee wake, aeleze tofauti na za leo. Aurélie alizihitaji sana alama hizo; bila hizo angerudia darasa.

Nyimbo za kweli nilizijua, lakini zote zilikuwa za kulia, na sikutaka anicheke. Nikatunga wangu palepale, nikaapa kwamba tuliuimba mwaka 1968 kwenye boti za mizigo:

“Mpenzi, nakungoja Yanonge, ukinibipu mara moja tu, nitapiga kasia hadi kwako.”

Aliposoma, darasa zima lilimzomea. Clovis, mtoto wa jirani yetu, akapaza sauti: “Koko wako alibipiwa na nani? Simu alichonga kwa mti?”

Aurélie alirudi macho mekundu. “Uliniongopea! Nimepata sifuri juu yako. Usinisemeshe tena.” Hakunisemesha kweli, hata salamu.

Nikaenda shuleni mwenyewe. Madame Viviane hakutabasamu.

“Papa Lambert, mtoto alikuamini. Zamani waimbaji walilia kwa sababu barua ilisafiri na boti, pengine isifike. Hiyo ndiyo tofauti niliyoitaka, na wewe umeificha kwa kiburi. Ukweli wako mdogo ungemsaidia kuliko uongo wako mkubwa. Bon, atasoma kazi yake upya. Lakini wewe utaimba wimbo wa kweli mbele yao, na mikate ya darasa zima utaleta wewe.”

Niliimba, nikalilia barua mpaka mwisho, watoto wakashika mbavu. Kisha Aurélie akasimama ubaoni, akaeleza kwa nini mwanaume yule alilia. Akapewa alama zake.

Mimi nilikuwa mlangoni nikigawa mikate. Akapita bila kunitazama.

“Koko, nyuma kule hawajapata. Ongeza.”