Fundi Aliyeuzwa Pamoja na Cherehani

Mafundi wawili walikutana kwenye duka la vitambaa la jumla, Jumamosi saa tano, watu wamejaa hadi mlangoni, wote wawili wameshika ncha ya jora lile lile la bitana nyeusi.

"Dada, nimeliona mimi kwanza."

"Kuona siyo kushika."

Mwanamke alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, limemkaa hasa. Mwanamume, fundi wa suruali, alilikagua pale kiunoni (ule mshono, msinielewe vibaya), akaachia jora. Mwezi wa tatu tangu hapo alikuwa akimpigia simu kila mchana.

"Umekula, kipenzi?"

"Nile saa ngapi, Bi Mkubwa wa kazini kasimama mgongoni kwangu? Miaka tisa namshonea! Jana kanifumulisha zipu mara mbili mbele ya mteja. Tufungue chetu bwana. Chumba kimoja, cherehani mbili."

"Tuanze sifuri?"

"Sifuri yetu."

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu anayependa. Bi Mkubwa, mwenye duka la ushonaji alikofanya kazi yule mwanamke, alichoka na kazi akatangaza kuuza. Fundi wetu wa suruali akawaza: duka lina jina, lina wateja, mtaa mzima unalijua, ya nini kuhangaika na kuanza upya? Akalinunua kimyakimya, eti amfanyie mwenzake sapraizi. Siku ya kukabidhiwa akaja dukani na koti lililopigwa pasi, pete mfukoni, akampa mkataba ausome.

Akausoma kwa sauti. "Cherehani sita. Meza mbili za kukatia. Kabati la vioo. Pamoja na fundi wa magauni, ambaye ataendelea na kazi. Huyu ni mimi?"

"Maneno tu ya Bi Mkubwa, mpenzi. Alisema bila wewe duka halina thamani..."

"Na wewe ukatia sahihi."

Ukweli ni kwamba ule mstari mwanamume aliuona. Aliuona, na akafurahi. Hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo.

Mwanamke alivua tepu shingoni, akaiweka mezani, akatoka. Simu hakupokea tena. Wiki ya pili alikuwa kwenye kibaraza mtaa wa nyuma, na cherehani ya kuazima. Wateja wa magauni wakamfuata mmoja mmoja, na lile duka lenye jina likabaki na jina lake tu.

Ulipita mwaka mzima ndipo mwanamume alipojikaza akaenda. Akamkuta anakunja pindo.

"Naliuza lile duka. Tuanze sifuri, kama ulivyotaka."

"Mimi nilishaanza." Hakuwa hata na hasira, na hapo ndipo alipomuumiza. "Unajua, ningekubali kubaki pale pale na wewe, hata miaka tisa mingine. Ungeniuliza tu."

"Nakuuliza sasa."

Mwanamke alimtazama, machozi yakimlengalenga. Mara mteja akaingia na kitambaa chake mkononi.

"Nipishe kidogo, kaka," mwanamke akasema, "nimpime huyu."