Bakuli la Achari

Mwanaima wa Usagara hakuipenda chupa. Achari yake ya ndimu aliitia kwenye bakuli la kauri lenye maua na kifuniko. Alilirithi kwa marehemu mama yake, aliyekuja nalo kutoka Pemba.

Binti yake Tuhfa alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amerudi kwa mama yake kungoja uzazi wa kwanza, kama ilivyo desturi. Wali bila achari haukumshuka. Mwanaima alifurahi, akawa anamjazia.

Siku moja jirani yao Praxeda, muuguzi wa kliniki, alipiga hodi.

"Shikamoo, Mama Tuhfa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chakula."

Praxeda alinawa, akafunua bakuli. Mkono ukasita. Ndani maua yalikuwa yamefifia, na mng'ao ulikuwa na nyufa nyembamba.

"Mama, achari hukaa humu muda gani?"

"Miezi miwili, mitatu. Ndipo inapokolea."

"Rangi na mng'ao wa vyombo vingine vya zamani vina madini ya risasi. Ni sumu. Ukali wa ndimu huitoa polepole, ikaingia kwenye achari."

Mwanaima alinuna. "Mama yangu kala humo mpaka uzeeni. Mbona haikumuua?"

"Haiui kwa siku moja, mama. Hujikusanya mwilini. Anayeumia zaidi ni mtoto, hata aliye tumboni. Huweza kumdhuru ubongo."

Tuhfa aliweka kijiko chini.

"Nikilichemsha je?" Mwanaima aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Haiishi kwa kuchemsha wala kusugua. Na kwa macho huwezi kuijua. Achari itie kwenye chupa ya kioo, isiyo na rangi wala maua. Kesho Tuhfa aje, tumtoe damu ikapimwe."

Mwanaima aliimwaga achari yote kwa mkono wake. Roho ilimuuma. Alikuwa akimlisha mwanawe kwa mapenzi.

Majibu yalichukua wiki mbili, naye alizihesabu siku. Yalipokuja, risasi ilikuwemo, lakini kidogo. Daktari alisema wamewahi. Tuhfa aliambiwa asiile tena achari ya bakuli, na ale dagaa, mchicha na maziwa.

Leo mtoto wake, Hafidh, ana mwaka mmoja. Anatembea, na kila anachokiona anakitaja. Bakuli limewekwa juu ya kabati, tupu.

Juzi shoga yake Mwanaima, Mwatima, alikuja kuliazima aloweke ukwaju wa shughuli.

"Silitoi, shoga. Si uchoyo. Keti nikueleze."

Mwatima alisikiliza mpaka mwisho.

"Na langu la kijani? Nimetia achari ya embe tangu mwezi uliopita. Wajukuu wanaila."

Mwanaima alishajitanda kanga. "Twende tukaimwage."