Piga Tena, Verna

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Wyoming, na Verna Stidham alishindwa kukaa. Mumewe, Emmett, alikwenda bondeni jana na bunduki yake kuchukua nyama ya kulungu aliyemuua. Hakurudi. Watafutaji wangekuja asubuhi. Asubuhi! Jamani, nani angelala?

Akajifunga kifuani bastola ya nyumbani, lile dude zito la silinda. Emmett alilichagua kwa ajili ya dubu: halina mbwembwe, unavuta nyundo kwa kidole gumba kila unapopiga, na tope halilisumbui. Risasi alizijaza baruti mwenyewe karakanani.

"Likikohoa badala ya kunguruma, liweke chini," alizoea kumwambia. "Risasi imekwama mtutuni. Ukipiga nyingine, mke wangu, litapasuka mikononi mwako, utakula kwa kulishwa."

Bondeni kulinuka damu iliyolala, na kitu kingine... nywele zilizoungua.

"Verna..."

Emmett alikuwa chini ya gogo, mguu umebanwa. Verna akapiga magoti, akamshika uso, akalia kwa furaha. Alikuwa wa baridi, lakini alikuwa hai!

"Verna! Niko huku!"

Sauti ileile ya Emmett. Ilitoka kwenye misonobari, ng'ambo ya kijito.

Aliyekuwa chini ya gogo akamkamata mkono. "Usiitike," akanong'ona. "Tangu jana linaniigiza. Piga."

Matawi yakatikisika. Kitu kilikuwa kinakuja, kikijikokota chini.

Verna akavuta nyundo, akapiga. Bonde zima likavuma. Kile kitu kikatulia, kisha kikaanza tena kujikokota.

Akavuta nyundo tena.

Puf.

Bastola haikumruka mkononi. Moshi kidogo tu.

"Piga tena."

"Imekwama, Emmett."

"Piga tena, Verna. Piga!"

Na kule gizani, kwa sauti iliyokatikakatika: "Usi... usipige! Liweke chini, mke wangu! Litakupasukia!"

Verna akaganda. Polepole akamgeukia yule aliyemshika mkono.

Alikuwa anatabasamu.

Akajichomoa, akaitupa bastola, akavuka kijito mbio. Emmett alikuwa amelala kifudifudi, mguu wake umevunjika. Risasi ya kwanza ilikuwa imempata ubavuni. Risasi ya kuangusha dubu.

"Nisamehe, Emmett! Ee Mungu wangu, nisamehe!"

"Kosa langu," akahema. "Juzi, karakanani... napima baruti, wewe ukaja mlangoni kuniongelesha. Nikakujibu. Ganda moja la risasi likapita bila baruti." Akajaribu kucheka. "Na unajua nisivyopenda kuongeleshwa nikipima."

Macho yake yakatulia kabla Verna hajamwambia kwamba juzi alishinda kwa dada yake, mjini. Akamtikisa. Akamwita. Akamlalia kifuani, akasikiliza... hamna.

Ng'ambo ya kijito, penye gogo, mwanamke akaanza kulia.

"Nisamehe, Emmett..."

Ilikuwa sauti ya Verna.