Mguu wa Mwalimu Wakhungu

Soko la Kitale lilikuwa limefurika mwaka ule wa themanini na nane, Jeruto alipopiga magoti kumvalisha mteja kiatu cha mtumba. Mteja alikuwa na suti ya kijivu, tai nyekundu, na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni.

"Namba tisa. Kimekukaa kama ulizaliwa nacho."

"Naitwa Wakhungu, mwalimu wa Bungoma. Unauza viatu tu, ama hata moyo?"

"Ng'o! Huo hauuzwi, bana."

Lakini alikuwa amecheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Wakapendana. Mwaka uliofuata mwalimu akachukua namba kumi, halafu kumi na moja. Jeruto akashangaa: mtu wa miaka thelathini bado anakua?

"Ni uzito wa mapenzi yako, mpenzi," Wakhungu akajibu. Jeruto akacheka tena, maskini wa Mungu.

Ikafika siku ya wazee wa Wakhungu kwenda Endebess, kwao Jeruto, kumposa. Wajomba walijaa, maziwa ya mursik yakamiminwa, nyama ikapoa. Hakuja mtu. Baba yake alifunga lango. Jumatatu Jeruto, macho yamevimba, alipiga simu shuleni kutoka kibanda cha posta.

"Mwalimu ameenda Nairobi," karani akasema. "Alipanda basi na mwanamke."

Lo! Aliumia. Miezi mitano hakutaka hata kusikia Bungoma ikitajwa. Kisha mwanamke mmoja mwenye leso ya buluu akasimama mbele ya viatu vyake.

"Shemeji, mimi ni Agneta, dada yake Wakhungu. Mwanamke wa lile basi ni mimi. Nilimpeleka hospitali. Nipe namba kumi na mbili, pana."

Jeruto aliacha viatu vyake kwa jirani, akafuatana naye mpaka kwao Kanduyi, Bungoma.

Taya la Wakhungu lilikuwa limepanuka, vidole vimenenepa.

"Jeru, usiniangalie."

"Nimetoka Kitale kukuangalia. Sema."

Akasema. Ubongo hutoa homoni inayoamuru mwili ukue. Kwake yeye, kivimbe pafuni kilikuwa kikitoa amri hiyohiyo bila kupumzika. Mifupa ilitii, na moyo nao ulikuwa ukitanuka. Kivimbe kilikaa mahali pabaya, madaktari hawakuthubutu kukikata.

"Ng'ambo wanatafuta dawa ya kuiziba amri hiyo. Bado wanaijaribu kwa panya. Dawa nyingine inaiiga amri yenyewe, wanawadunga watoto waliodumaa ili warefuke. Fikiria, Jeru! Mtoto wa watu anadungwa kitu kinachoniua mimi."

"Hiyo ya kuziba itakuja lini?"

"Miaka kumi, labda. Huenda nisifike. Ningemwombaje baba yako binti, ili nimfanye mjane?"

"Kwa hivyo ukaniamulia! Ukaniacha niaibike mbele ya wajomba! Si ungeniuliza?"

Alilia kwa hasira, Wakhungu akalia naye. Kisha Jeruto akajifuta uso.

"Jumamosi lete wazee. Baba akiuliza umepatwa na nini, mwambie yote, hata hilo la mjane."

"Na dawa isipofika?"

"Basi utakufa, nami nitakulilia. Lakini nataka nikulilie nimekaa kando ya jeneza kama mke wako, Wakhungu. Sitaki kusimama langoni na watu wa soko, nikiulizwa nilikujulia wapi."

Wakhungu alimshika mkono. Halafu akamwita Agneta, akamtuma kwa wazee.