Faili 1,024

"Mlingoti wa mawasiliano umehujumiwa. Vikosi vyote vipande kilimani. Sasa."

Amri ya Mkuu ilisikika redioni saa nne na dakika tano asubuhi.

Kwenye skrini ya chumba cha operesheni, nukta nyekundu ilikuwa imezimika. Nukta hiyo ilikuwa Mjomba, jasusi mkongwe aliyejibanza ndani ya lori la Scania, katikati ya makreti ya bunduki za magendo. Badala yake yalikuwepo maandishi: MTANDAO UMEKATIKA.

Mbele ya lori kulikuwa na njia panda. Kushoto, daraja. Kulia, mpaka. Bila nukta, kikosi kisingejua pa kulifuata, na huko mpakani makreti yangefunguliwa na watu wasiouliza maswali.

Sindano, ofisa wa mitambo, hakuinuka kitini.

"Hukusikia?" Mkuu alikuwa mlangoni.

"Nimesikia, Mkuu. Mlingoti mzima. Nimeuita mara tatu, umeitika mara tatu."

"Mashine inasema mtandao umekatika."

"Mgonjwa wa ini naye hulalamikia bega. Panapouma sipo penye ugonjwa."

Alikagua waya: mzima. Laini ya mtandao: safi. Akaacha kuuhoji mtandao, akaihoji seva yenyewe: umefungua faili ngapi?

1,024.

Kikomo: 1,024.

Kila taarifa ya kifaa cha kumfuatilia Mjomba ilihitaji nafasi mpya ya faili. Nafasi zilikuwa zimekwisha. Seva ilikosa pa kuipokea, ikausingizia mtandao.

Sindano aliteremka kwenye orodha. Kesi za mwaka jana. Za mwaka juzi. Wezi wa nyaya waliokwishamaliza kifungo. Zote wazi.

"Hakuna kufunga faili bila saini yangu," Mkuu alisema, taratibu. "Ni agizo langu."

"Nipe saini."

"Lazima nizisome kwanza. Moja moja."

Redio ilikoroma. Kiongozi wa kikosi. "Dada, tupande au tubaki? Kwa makadirio, lori linafika njia panda sasa hivi."

"Bakini."

"Mkuu kasema..."

"Mimi nasema bakini."

"Hilo ni kosa la nidhamu," Mkuu alisema.

"Liandike. Kwa herufi kubwa."

Akabonyeza. Faili mia tisa zilifungwa kwa mkupuo. Hakuna ushahidi uliofutika. Zilirudi kabatini tu.

Sekunde kumi.

Ishirini.

Nukta ikawaka.

"Kulia," Sindano alisema. "Barabara ya mpakani. Kasi themanini."

"Tumeliona."

Redioni, risasi mbili. Breki ndefu.

Kisha sauti nzito, yenye vumbi: "Mpwa wangu, mlikuwa mnakunywa chai?"

"Tulikuwa tunasubiri saini, Mjomba."

Sindano alichomeka bastola yake kiunoni, akachukua koti. Mkuu alikuwa ameketi na fomu ya nidhamu, kalamu ikielea hewani.

"Sababu ya kukaidi amri," aliuliza, "niandike nini?"

"Andika yuko hai."

Akatoka, bila haraka.