Majivu ya Mama Atuganile

Tarehe 9 Machi 2088. Asubuhi hiyo jiji la Mbeya lilikuwa limejifunika ukungu, na manyunyu yalianguka tangu alfajiri, yale ya kulowesha bila kelele.

Kitambuzi kilikuwa bustanini kwa Mhandisi Tupokigwe, kimeinama kando ya tuta la viazi. Kilikuwa mashine yenye miguu sita na ukubwa wa kuku. Kila kulipokucha kilipita bustani zote za mtaa, kikachota kinyesi cha mnyama wa porini, kikapima harufu, nywele na chumvi zake, kisha kikamtaja mwenyewe. Asiye na madhara aliachwa. Wa hatari alifuatwa na kipanga, ndege ya chuma iliyonusa njia yake hadi maficho yake na kumuua.

"Fisi," kilisema kitambuzi. "Chokaa ya mifupa ni nyingi. Kipanga kimeitwa."

Tupokigwe, aliyekibuni, hakushtuka. Aliyeshtuka ni mama yake, Atuganile, aliyetoka jikoni na mwiko mkononi. Alisema hapo hapajapita fisi. Huyo ni ngawa, mnyama wa usiku asiyemdhuru mtu. Wiki ya tatu sasa anakuja kujisaidia pale pale, kama ilivyo desturi ya ngawa, na kinyesi chake kina mbegu za mapera na maganda ya majongoo. Nani mwingine hula majongoo? Ngawa huyo alikuwa amezaa watoto wawili chini ya banda la kuni, na mama aliwaombea kila jioni, akishamaliza kuwaombea wajukuu.

Jirani yao, Mzee Ambokile, alichungulia juu ya ua pamoja na mkewe. Alisema labda ni fisi wa kupandwa na wachawi, ameonja mapera ya watu akiwa safarini. Mkewe akacheka.

Tupokigwe alichutama. Kinyesi kilikuwa cheupe, kama cha fisi kweli. Akakigusa kwa kijiti. Weupe ukabanduka, na ndani kulikuwa na weusi mtupu, umejaa mbegu.

"Mama, umeweka nini hapa?"

"Majivu, mwanangu. Kinyesi hakiachwi wazi. Hata wewe nilikufundisha."

Kweli alimfundisha. Lakini Tupokigwe alipokifundisha kitambuzi, alikipa vinyesi kutoka mbugani na maabara, vyote visafi. Hakukumbuka kwamba jijini bado kuna mwanamke anayechemsha maharage kwa kuni. Kwa mashine ile, chokaa ya majivu na chokaa ya mifupa zilikuwa kitu kimoja.

"Futa amri," aliiambia.

"Amri haina mkono wa mtu," kitambuzi kilijibu kwa upole.

Maneno hayo aliyaandika yeye. Miaka minne nyuma, fisi alimchukua mtoto mtaa wa pili huku maofisa watatu wakingojeana kutia saini. Ndipo Tupokigwe alipouondoa mkono wa mtu katika amri, na kanisa zima likampigia makofi na kumshukuru Mungu.

Alipiga simu kituoni. Ofisa wa zamu alimjibu kwa heshima kwamba hana kitufe cha kuzuia. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyekitoa. Basi akakimbia, akasimama mbele ya banda na kutanua mikono. Kipanga kilishuka kutoka ukunguni, kikamzunguka bila kumgusa, kama alivyokifundisha, kikaingia kwa nyuma. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye tope, midomo ikimcheza kwa sala.

Ulisikika mlio mmoja. Kisha miwili midogo.

"Fisi ameondolewa," kilisema kitambuzi, kikahamia bustani ya Mzee Ambokile.

Mama alitazama viganja vyake, ambavyo bado vilikuwa na majivu kwenye mistari. "Kumbe nimewaua mimi," alisema.

Tupokigwe alimwinua. Akawageukia majirani waliokuwa bado wamesimama kwenye ua.

"Mzee Ambokile, wewe na mkeo, nisikilizeni, na Mungu anasikia. Jumapili nitasimama kanisani, pale pale mliponipigia makofi, niseme nilichokifanya. Kisha nitakwenda kwenye baraza la jiji kuomba mkono wa mtu urudishwe. Sijui kama watakubali. Lakini nitakwenda, na wakinikataa nitakwenda tena."